Mashini virtuale inaplanta kiisha mizajuru: mambo ya kuangalia mbele ya kufuta chochote

Wasomaji wetu, munajua hii hali. Usiku umeme umekuja, umechomeka laptopu, umeiacha inafanya mizajuru ya sisteme, umelala. Asubuhi unafungua: Windows ao Ubuntu inawaka vizuri. Lakini mashini virtuale yako, ile unayotumia kwa kazi ao kwa masomo, inakataa. Inaleta ekra nyeusi, ao ujumbe murefu wenye herufi na namba, kiisha inajifunga.

Ku redio yetu jambo hilo lilitupata. Rejista yetu ya matangazo ya jamii (watoto waliopotea, kadi za uchaguzi zilizookotwa, misiba, mikutano ya mitaa) iko mu programu ya zamani ambayo sisteme mpya haziikubali. Tunaitumia ndani ya Windows 7 virtuale, mu VirtualBox. Asubuhi moja, mbele ya saa kumi na mbili, ikagoma. Nilikuwa na kidole juu ya neno « Supprimer » ili nianze upya. Fundi wetu akanizuia: « Dada, usifute. Mashini haikufa, ni mulango tu umefungwa. » Alikuwa na haki. Miaka mine ya matangazo ilikuwa ndani, na tulikuwa hatuna nakala hata moja.

Juu ya hiyo tumekusanya hapa mambo ambayo mutu anaweza kujifanyia mwenyewe, kwa mupangilio, mbele ya kupeleka laptopu kwa fundi. Majina ya menyu tumeyaacha mu Kifaransa, sababu laptopu nyingi za hapa kwetu ziko na Windows ya Kifaransa.

MASHINI VIRTUALE NI NINI

Ni ordinateri ndani ya ordinateri. Laptopu yako ya kweli tuiite mwenyeji. Ile ya ndani tuiite mugeni. Mugeni anaazima RAM, proseseri na disiki ya mwenyeji, lakini anaamini kwamba ni ordinateri kamili. Programu inayomukaribisha inaweza kuwa VirtualBox ya Oracle, ambayo haiuzwe, ao VMware Workstation Pro, ambayo tangu mwaka 2024 nayo haiombi feza.

Jambo la kukumbuka: mali ya mugeni inakaa mu fishie kubwa ya disiki. Kwa VirtualBox ni fishie yenye jina linaloisha na .vdi, kwa VMware ni .vmdk. Kama haukubadilisha kitu, VirtualBox inaiweka mu dosie « VirtualBox VMs », ndani ya dosie lako la mutumiaji. Kama ile fishie iko nzima, kazi yako iko nzima, hata kama VirtualBox yenyewe imeharibika.

Jambo la pili: ili mugeni aende mbio, proseseri inatoa musaada wa pekee. Kwa Intel unaitwa VT-x, kwa AMD unaitwa AMD-V ao SVM. Huo musaada uko kama ufunguo wa nyumba: mwenye kuushika kwa wakati moja ni moja. Magomvi mengi kiisha mizajuru yanatokea juu ya huo ufunguo.

HATUA YA KWANZA: NAKILI

Usifute mashini. Usikubali programu ikufutie « fishie zisizotumika ». Usifute snapshot, hata kama unaona disiki imejaa, sababu snapshot zinashikana kama munyororo: ukikata moja kwa mukono, zinazofuata hazisomeki tena.

Funga VirtualBox kabisa. Kamata dosie nzima ya mashini yako, siyo .vdi peke yake, uinakili ku disiki ya inje ao ku laptopu ya mwenzako. Kama ni giga 30 ao 40, itachukua wakati. Ngoja. Kama umeme si wa kuaminika, hakikisha bateri imejaa mbele ya kuanza.

Kiisha nakala, uko na haki ya kujaribu. Mbele ya nakala, kila jaribio ni kamari.

HATUA YA PILI: SOMA UJUMBE

Watu wengi wanafunga ule ujumbe bila kuusoma. Piga picha yake na telefone. Tafuta neno linaloanza na VERR_. Kama ekra imefungwa haraka, ingia mu dosie la mashini, kiisha mu dosie « Logs », ufungue fishie VBox.log. Kwa VMware inaitwa vmware.log. Tafuta ndani yake lile neno VERR_.

Haya ndiyo yanayoonekana sana:

VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED: VT-x imezimwa mu BIOS.

Ujumbe wenye herufi NEM, kwa mufano VERR_NEM_VM_CREATE_FAILED: VirtualBox inajaribu kupitia ku Hyper-V ya Windows, na mambo hayaelewane.

VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE (Intel) ao VERR_SVM_IN_USE (AMD): programu ingine imeshashika ufunguo wa proseseri. Ku Linux, mara nyingi ni KVM.

Kernel driver not installed, pamoja na namba -1908: uko ku Linux, na piloti ya VirtualBox haiko kwa kerneli mpya.

VERR_DISK_FULL: disiki ya mwenyeji imejaa.

Namba 0x80004005 peke yake haikuambie kitu. Inasema tu « imeshindikana ». Sababu ya kweli iko mu mustari wa karibu yake.

Maneno « Guru Meditation » nayo yasikuogopeshe. Ndivyo VirtualBox inavyosema kwamba mugeni ameanguka vibaya na amesimamishwa. Sababu itafutwe mu VBox.log.

KAMA MWENYEJI NI WINDOWS

1. Angalia kama musaada wa proseseri uko. Bofya Ctrl, Shift na Esc pamoja. « Gestionnaire des tâches » inafunguka. Ingia mu « Performance », kiisha « Processeur ». Chini utaona « Virtualisation ». Kama imeandikwa « Désactivé », basi mizajuru imegusa BIOS. Siku hizi mizajuru za Windows zinaweza kuleta pia BIOS mpya, na BIOS mpya inaweza kurudisha mipango ya mwanzo.

Itakupasa kuzima laptopu, kuwasha tena, na kuingia mu BIOS. Kwa laptopu nyingi ni F2, F10 ao Del. Tafuta « Intel Virtualization Technology » ao « SVM Mode », uiwashe, uhifazi, utoke.

Angalisho: kama disiki yako inalindwa na BitLocker, kugusa BIOS kunaweza kufanya Windows ikuombe ufunguo wa tarakimu 48. Hakikisha unao kwanza. Mara nyingi umehifaziwa mu konti yako ya Microsoft. Ukikosa huo ufunguo, hautapoteza mashini virtuale peke yake, utapoteza fishie zote za ile disiki.

2. Angalia kama Windows yenyewe imeshika ufunguo. Windows 11 iko na ulinzi unaoitwa « Intégrité de la mémoire », mu « Sécurité Windows », sehemu ya « Isolation du noyau ». Huo ulinzi unafanya kazi juu ya Hyper-V, ndio hiperviza ya Microsoft. Ukiwaka, Hyper-V inakuwa mwenye nyumba, na VirtualBox inakuwa mupangaji.

Tangu VirtualBox 6.0 ya mwaka 2018, na VMware Workstation 15.5.5 ya mwaka 2020, hizo programu zinaweza kufanya kazi juu ya Hyper-V. Matoleo ya mbele ya hayo yanakataa kabisa. Kwa VirtualBox, utaona alama ya kobe chini ya dirisha la mashini. Kobe anasema: ninaenda, lakini polepole. Na toleo la zamani kidogo linaweza kuplanta.

Kwa hiyo dawa ya kwanza siyo kuzima ulinzi. Dawa ya kwanza ni kuweka toleo jipya la VirtualBox ao VMware. Itakula zaidi ya mega mia moja, lakini ndiyo iliyotuponya ku redio. Tulikuwa tungali na VirtualBox 6.1, na Windows ilikuwa imeshatuacha mbali.

3. Kama toleo jipya halikutosha, unaweza kuzima Hyper-V. Tafuta « Invite de commandes », bofya kuume, chagua « Exécuter en tant qu'administrateur », andika:

bcdedit /set hypervisorlaunchtype off

Kiisha zima na uwashe. Kama kobe angali pale, ulinzi wa « Intégrité de la mémoire » ungali unawaka. Utaamua kama utauzima nao. Ukitaka kurudisha Hyper-V, andika komande ileile, ukiweka auto pahali pa off.

Lakini jua bei yake. Ulinzi huo unazuia piloti mbaya kuingia ndani ya moyo wa Windows. Ukiuzima, usichomeke kila flashi inayopita mu sebere. Tena, WSL 2 na Docker Desktop zinategemea Hyper-V: ukiizima, nazo zinasimama. Mwanafunzi anayetumia Docker na VirtualBox pamoja afazali akubali kobe.

KAMA MWENYEJI NI LINUX

Hapa kuna magonjwa mawili yanayofanana ku macho lakini dawa zake ziko mbalimbali.

Ugonjwa wa kwanza: kerneli imebadilika, piloti imebaki nyuma. VirtualBox inahitaji piloti inayoitwa vboxdrv, na hiyo inajengwa kwa kila kerneli. Mizajuru ikileta kerneli mpya, piloti ya zamani haiingie. Ku Ubuntu ao Debian, andika mu terminali:

sudo apt install dkms linux-headers-$(uname -r)

Kiisha, kama ulipata VirtualBox kutoka kwa Oracle:

sudo /sbin/vboxconfig

Kama uliipata mu hifazi ya Ubuntu yenyewe, ni hii:

sudo dpkg-reconfigure virtualbox-dkms

Kama Secure Boot inawaka (utajua kwa komande mokutil --sb-state), piloti inapashwa kuwa na sahihi. Ubuntu itakuomba uchague neno la siri. Ukiwasha tena, ekra ya buluu itatokea: chagua « Enroll MOK », andika lile neno. Watu wengi wanaogopa hiyo ekra, wanaipita, kiisha wanashangaa piloti kukataliwa. Siyo virusi, ni ukaguzi.

Ugonjwa wa pili: KVM imeshika ufunguo. Tangu kerneli 6.12, iliyotoka mwezi wa 11 mwaka 2024, KVM inashika musaada wa proseseri mara tu inapopakiwa, hata kama hakuna mashini ya KVM inayotembea. Mbele ya hapo ilikuwa inangoja mpaka mutu aihitaji. Debian 13 inatumia kerneli 6.12. Ubuntu 24.04 ilianza na kerneli 6.8, lakini mizajuru zake za mwaka 2025 zilileta 6.14. Ndiyo maana mutu aliye mu Ubuntu ileile anaweza kulala mashini ikifanya kazi na kuamuka imegoma.

Dawa ya haraka, kwa Intel:

sudo modprobe -r kvm_intel

Kwa AMD ni kvm_amd. Jaribu mashini tena. Kama imewaka, umepata mugonjwa. Lakini ukizima laptopu na kuwasha, KVM itarudi. Dawa ya kudumu: fungua fishie /etc/default/grub, na mu mustari GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, ndani ya alama za kufunga maneno, ongeza:

kvm.enable_virt_at_load=0

Kiisha sudo update-grub, na uwashe upya. Kwa njia hiyo KVM inabaki, lakini inarudia tabia yake ya zamani ya kungoja.

KAMA MASHINI INAWAKA, LAKINI INAANGUKA NJIANI

Hapa ufunguo siyo tatizo tena. Angalia mambo ine.

RAM. Laptopu nyingi tunazonunua hapa ni za mutumba, ziko na giga 4 ao 8. Windows 11 peke yake inaomba giga 4 kama kipimo cha chini. Kama laptopu iko na giga 8, usimupe mugeni zaidi ya 3 ao 4. Kiisha mizajuru, mwenyeji anaweza kula zaidi ya alivyokula jana, na pahali palipotosha hapatoshi tena.

Disiki. Mizajuru kubwa ya Windows inaacha dosie la Windows.old, lenye giga nyingi. Wakati huohuo .vdi inaendelea kukua. Disiki ikijaa, VirtualBox inasimamisha mugeni. Safisha na « Nettoyage de disque », lakini ujue: ukifuta Windows.old, hautaweza tena kurudi ku toleo la zamani.

Ekra. Kama mashini inaplanta pale tu mugeni anapoonyesha dirisha, video ao mapicha, piloti ya grafiki ya mwenyeji inaweza kuwa imebadilishwa. Mu mipango ya mashini, sehemu ya « Affichage », ondoa alama ku « Activer l'accélération 3D », ujaribu tena.

Hali iliyohifaziwa. Kama mbele ya mizajuru haukuzima mugeni, ulimulaza tu katikati ya kazi, anaweza kushindwa kuamuka, sababu aliyoyaacha hayafanane na anayoyakuta. Mu VirtualBox tupa ile hali iliyohifaziwa, kiisha washa mashini kama kawaida. Ni sawa na ordinateri iliyokatiwa umeme: utapoteza yale ambayo haukuandika ku disiki, lakini fishie zingine zitabaki.

KAMA MIZAJURU ILIFANYIKA NDANI YA MUGENI

Ni jambo lingine. Mwenyeji hakubadilika, mugeni ndiye amejibadilisha. Kama ulikuwa na snapshot ya mbele, nakili kazi yako mupya kama inawezekana, kiisha rudi ku snapshot. Kama hauna, na mugeni ni Linux, ku mwanzo shikilia Shift ao Esc ili menyu ya GRUB itokee, uingie ku « Options avancées », uchague kerneli ya zamani. Ikiwaka, weka upya « Additions invité » za toleo linalolingana na VirtualBox yako.

KURUDISHA MIZAJURU NYUMA

Ku Linux ni rahisi: ileile menyu ya GRUB ya mwenyeji inakupa kerneli ya jana. Ku Windows, ingia mu « Paramètres », « Windows Update », « Historique des mises à jour », kiisha « Désinstaller des mises à jour ». Kama ilikuwa mizajuru kubwa ya kubadilisha toleo, njia iko mu « Système », « Récupération », lakini Windows inakuachia siku 10 tu. Kurudi nyuma kusikawie: mizajuru zinaziba matundu ambayo wezi wa mtandao wanayajua. Rudi, maliza kazi ya haraka, kiisha tafuta dawa ya kweli.

KAMA YOTE IMESHINDIKANA: OKOA FISHIE

Mwanafunzi mwenye TFC yake ndani ya mashini, na anangojewa kuitetea, hana wakati wa kurekebisha. Anataka fishie moja tu. Weka 7-Zip, ambayo haiuzwe na ni ya mega chache. Bofya kuume ku .vdi ao .vmdk (ya nakala, siyo ya kwanza), uifungue nayo. Utaona sehemu za disiki, kiisha madosie ya mugeni. Toa kazi yako. Lakini kama mashini ilikuwa na snapshot, ile .vdi ya musingi itakuonyesha hali ya zamani tu. Hapo njia nzuri ni kupeleka dosie nzima ku laptopu ingine yenye VirtualBox na kuifungua kule.

SIKU INGINE, MBELE YA MIZAJURU

Zima mugeni kabisa, usimulaze. Nakili dosie yake ku disiki ya inje. Fanya mizajuru ya VirtualBox kwanza, kiisha ya sisteme. Usianze mizajuru wakati umeme unacheza ao bateri iko chini ya nusu: laptopu ikizimika katikati, utaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Kama uko na kazi ya haraka, Windows 11 inakubali kusimamisha mizajuru mpaka majuma matano. Na ukiweka mtandao wako kama « Connexion limitée », itapunguza mega zinazoliwa usiku bila ruhusa.

Ku redio, rejista yetu ilifunguka mbele ya saa mbili asubuhi. Tangazo la kwanza tulilolisoma siku ile lilikuwa la mama aliyekuwa anatafuta mutoto wake. Lilikuwa limeingizwa mangaribi ya jana yake, na halikuwa limeandikwa pahali pengine popote. Tangu siku ile, kila ijumaa jioni mutu moja anabaki kunakili dosie. Inachukua dakika ishirini. Jina lake linaandikwa ku ukuta, karibu na saa, ili siku ya matatizo tujue nakala ya mwisho ni ya lini.